Steji Ikihamishwa, Mshahara Umekatwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu hili niseme juu ya jambo ambalo sijalisikia likitajwa katika mkutano wa tawi hata mara moja, ijapokuwa kila mmoja wetu analikanyaga kwa miguu yake kila siku ya kazi. Jambo lenyewe ni stesheni za mabasi za hapa Nairobi, na jinsi zinavyohamishwa huku na huku bila mfanya kazi kuulizwa. Najua wako watakaocheka na kusema, mtu wa reli ana shauri gani na mabasi? Nisomeni kwanza, kisha mcheke.

Kazi yangu ni ya breki na magurudumu ya mabehewa. Naingia saa kumi na mbili asubuhi, na wiki nyingine natoka saa nne usiku. Nakaa Kayole, kwa maana huko ndiko nilikopata chumba cha kiasi cha mfuko wangu. Tarehe 3 Desemba 2018, siku ya Jumatatu, niliondoka nyumbani saa kumi na nusu kama desturi. Serikali ya kaunti, wakati wa Gavana Mike Sonko, ilikuwa imetoa amri kwamba tangu siku hiyo matatu zisiingie tena katikati ya mji. Gari letu likafika Muthurwa likasimama, makanga akafungua mlango akasema, "Mwisho hapa, wazee." Tukashuka gizani.

Nilipokuwa mtoto katika shule ya misheni tulionyeshwa picha ya wana wa Israeli wakitoka Misri. Asubuhi ile niliiona picha hiyo kwa macho yangu, ila hawa walikuwa wakiingia Misri. Barabara nzima ilikuwa watu, na kadiri kulivyopambazuka ndivyo walivyozidi. Wako wanawake wenye watoto mgongoni, wako vijana wa shule, wako askari wa lindo waliotoka kazi ya usiku wakienda kinyume chetu. Kando yangu palikuwa na mzee anayetembea kwa magongo mawili, akienda kliniki. Akaniuliza, "Kijana, Kencom iko mbali?" Nikamjibu, "Si mbali, mzee." Nilimdanganya. Nilikuwa nikitazama saa, na niliogopa kwamba nikimwambia kweli itanipasa kukaa naye.

Kabla ya wiki ile kwisha amri ilisimamishwa, magari yakarudi, na watu wakasema, basi, yamekwisha. Mimi nasema hayakwisha. Amri kama ile hulala tu, kisha huamka tena na jina jipya. Ndiyo sababu nimeona heri tuijue habari yake tangu zamani, tusiwe watu wa kushtuka kila mara.

Reli ilifika hapa mwaka 1899, wakati ambapo mji wenyewe haukuwako. Kwa miaka mingi mfanya kazi wa Kiafrika hakuwa na haja ya stesheni ya basi, kwa sababu aliwekwa karibu na kazi yake. Reli ilijenga zile nyumba tulizoziita landi, pale Muthurwa, na hata leo barabara inayopita hapo yaitwa Landhies Road kwa ajili ya nyumba hizo. Baba yangu alikaa huko. Alikuwa akinywa chai nyumbani, akavaa kofia yake, akatembea, na chai ikiwa bado ina joto tumboni amekwisha shika nyundo. Nauli yake ilikuwa bure kabisa. Sisemi kwamba landi zilikuwa nyumba njema. Chumba kilikuwa kimoja, watoto tulilala chini ya kitanda cha wazee, na choo kilikuwa cha watu wengi. Mzungu hakuzijenga kwa kutupenda, alizijenga ili mtu asichelewe kazini. Lakini jambo moja aliliona wazi kuliko mabwana wa siku hizi: alijua kwamba njia ya kwenda kazini ni sehemu ya kazi.

Mwaka 1934 kampuni ya kutoka London ilianzisha mabasi ya Kenya Bus Service. Mji ulikuwa umeanza kunyooka kwenda mashariki, Pumwani, kisha Shauri Moyo, Kaloleni, Bahati, na kuendelea, na ile barabara tunayoiita Jogoo Road, ambayo wakati huo ilikuwa Doonholm Road, ikawa ndiyo mto wa wafanya kazi. Asubuhi ulimwaga watu mjini, jioni ukawarudisha. Wazee wetu walijua thamani ya basi, na pia walijua thamani ya kulikataa. Mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, Waafrika wengi wa Nairobi walisusa kupanda mabasi ya kampuni wakaenda kwa miguu. Walitembea kwa kuwa waliamua wenyewe kutembea. Sisi wa mwaka 2018 tulitembea kwa kuwa tulishushwa.

Ndipo zikaja matatu, kwanza kwa kujificha, nauli senti kumi tatu, na jina likatoka hapo. Kampuni ya mabasi ilikuwa na ruhusa ya peke yake, na mwaka 1966 Baraza la Jiji lilipata robo ya hisa zake, kwa hiyo askari wa Baraza walipowafukuza wenye matatu walikuwa wakilinda mali ya Baraza. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri matatu ziruhusiwe kubeba abiria bila ile leseni ya mabasi. Ikawa ruhusa ya kubeba watu, lakini hakuna aliyeuliza magari hayo yatasimama wapi. Tangu siku ile mpaka leo mji umekuwa ukilitafuta jibu la swali hilo, na kila akijaye analitafuta upya. Mwaka 1986 yakaja mabasi ya Nyayo, mazuri, ya nauli nafuu, nayo katika miaka ya 1990 yakafa kwa kuendeshwa vibaya. Mabasi ya kampuni nayo yakadhoofika, yakauzwa, yakauzwa tena. Matatu ndizo zilizobaki, na matatu husimama popote penye watu.

Mtazame majina ya steji zetu mtaona jinsi zilivyozaliwa. OTC ni jina la kampuni ya mabasi ya zamani. Odeon ilikuwa sinema. Ambassadeur ni hoteli, Kencom ni jumba, Fig Tree kule Ngara ni mti tu, na Koja ni msikiti. Hakuna hata moja iliyopewa jina na waziri. Ni abiria na makanga waliozibatiza, kwa kuwa hapo ndipo mtu alipokuwa akishuka akaona kazi yake iko karibu. Hata katika barabara iliyopewa jina la Tom Mboya, aliyekuwa katibu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi kabla ya kuwa waziri, watu wanapanga foleni ya gari kila jioni mvua ikiwanyeshea kichwani, hapana paa. Sanamu yake imesimama hapo jirani, Moi Avenue, tangu mwaka 2011. Nikiipita hujiuliza angesema nini.

Serikali ilipotaka kupanga mambo ilifanyaje? Ilifuata desturi moja tu, kusukuma stesheni nje. Mwaka 2008 lilifunguliwa soko la Muthurwa pamoja na stesheni yake, ubavuni mwa zile nyumba za reli nilizozitaja. Wachuuzi wakahamishiwa ndani, na magari ya Eastlands yakaambiwa yaishie pale. Nataka mnielewe vizuri hapa. Mahali pale ambapo baba zetu walikaa ili wasitembee mbali, ndipo watoto wao wanaposhushwa ili watembee. Na wale waliobaki katika nyumba hizo nao hawakupata raha, maana nyumba ziliwekwa chini ya mfuko wa pensheni wa watu wa reli, na mwaka 2010 walipotaka kuondolewa wakaenda Mahakama Kuu, nayo mwaka 2013 ikasema kwamba haki zao za makao na maji zilivunjwa. Hiyo ni habari ndefu, na tena inatuuma sisi wenyewe kwa kuwa pensheni ni yetu, kwa hiyo naiacha kwa siku nyingine.

Karibu na hapo kuna Machakos Country Bus, ambayo watu kwa mzaha huiita Machakos Airport. Nani asiyeijua? Mtu anakwenda kumzika mama yake Kitui au Busia, ananyang'anyana mzigo wake na vijana wanne kila mmoja akimvuta kwenye basi lake. Mvua ikinyesha ni matope mpaka kwenye vifundo. Choo ni cha kulipa. Na jengo la Solidarity, makao makuu ya COTU, liko Digo Road, mwendo mfupi tu kutoka hapo. Honi za mabasi yale viongozi wetu wakubwa huzisikia kila siku wakiwa ofisini. Sisemi kwa kuwatukana. Nasema tu kwamba hawawezi kusema hawajui.

Kisha Green Park. Hii ilijengwa na Nairobi Metropolitan Services, ile ofisi iliyopewa kazi za jiji mwaka 2020 hata mwaka 2022, mahali palipokuwa viwanja vya Railway Club, kwenye pembe ya Uhuru Highway na Haile Selassie Avenue. Ilikusudiwa magari ya Ngong Road na Langata Road yaishie pale, na mwaka 2022 ikafunguliwa kwa majaribio. Jengo ni zuri, sikatai. Kuna sakafu safi, kuna taa, kuna mahali pa kukaa. Mwishoni mwa mwaka huo huo, Gavana Johnson Sakaja alipokwisha kuingia, magari ya safari za mbali nayo yakaambiwa yatoke katikati ya mji, shauri likafika mahakamani. Mimi sina ugomvi na jengo. Nina ugomvi na ramani.

Chukueni karatasi mchore. Upande wa mashariki wekeni Muthurwa. Upande wa magharibi wekeni Green Park. Zote mbili ziko kwenye barabara moja, Haile Selassie Avenue, na stesheni yetu ya reli iko katikati yake. Wanaochora ramani hizi hudhani kwamba mfanya kazi anakuja mjini, anafika, basi. Hawajui kwamba wengi wetu tunauvuka mji. Mtu analala mashariki ambako vyumba ni vya bei nafuu, na kazi yake iko magharibi ambako wenye fedha wanakaa, Kilimani, Hurlingham, Lavington, Karen. Wao ni mayaya, mabawabu, wapishi, wafua nguo, mafundi wa mabomba, makarani wa hospitali. Kwao stesheni ya mjini si mwisho wa safari, ni mahali pa kubadilisha gari. Ukiiweka steji ya mashariki ukingoni mwa mashariki, na ya magharibi ukingoni mwa magharibi, umemkata mtu huyo safari yake vipande viwili, na kile kipande cha katikati umemwachia miguu yake mwenyewe.

Jirani yangu Kayole ni mama mmoja, jina lake nalihifadhi, anayefanya kazi katika nyumba ya dobi upande wa Kilimani. Zamani alishuka Ambassadeur, akavuka hatua chache mpaka Kencom, akapanda gari la pili. Gari lake la kwanza lilipoanza kuishia Muthurwa mambo yaligeuka. Kutoka Muthurwa mpaka anakopanda la pili ni mwendo wa dakika ishirini kwa mtu mzima wa afya, na yeye goti lake moja ni bovu. Alijaribu kutembea, akachelewa siku mbili. Tajiri wake akamkata nusu ya siku kila mara, akamwambia, "Steji si yangu." Na kweli, steji si yake. Si ya mtu yeyote, hapo ndipo ubaya ulipo. Siku hizi akishuka Muthurwa hupanda pikipiki asubuhi, shilingi 50, na jioni hurudi kwa miguu ili ibaki fedha ya mboga, ila siku za mvua au goti likimwuma hupanda jioni pia.

Mimi si mtu wa elimu kubwa. Niliishia shule ya msingi, na hesabu niliyofundishwa na mwalimu wa misheni ni ya kujumlisha na kutoa, lakini kwa jambo hili yatosha. Shilingi 50 kila asubuhi, kwa siku 26 za kazi, ni shilingi 1,300. Wekeni na jioni kumi na sita za kupanda pikipiki, ni shilingi 800. Jumla ni shilingi 2,100 kwa mwezi. Sasa kumbukeni Mei Mosi ya mwaka 2022, tulipokuwa Nyayo Stadium tukapiga makofi mshahara wa chini ulipoongezwa asilimia 12. Kwa kibarua wa kawaida wa Nairobi mshahara ulitoka shilingi 13,572.90 ukawa shilingi 15,201.65, bila posho ya nyumba. Toeni wenyewe. Ni shilingi 1,628.75. Nyongeza ile yote, iliyongojewa miaka minne, haitoshi kulipa pikipiki ya mama huyu kutoka steji mpya. Na nyongeza ya asilimia 6 ya mwaka 2024, iliyoufikisha mshahara huo shilingi 16,113.75, ilikuwa shilingi 912.10 tu.

Kwa hiyo nauliza, ndugu zangu, ikiwa tajiri angemkata mama huyu shilingi 2,100 katika mshahara, chama kingefanya nini? Kingeandika barua siku hiyo hiyo. Kingeita mkutano. Kingesema mgomo. Lakini fedha hizo hizo zikitoka katika kibeti chake kwa sababu afisa mmoja amehamisha steji, twasema ni mambo ya matatu, hayatuhusu. Mfuko ni ule ule mmoja. Sioni tofauti.

Tena sheria yenyewe inatupa mahali pa kushika. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yasema tajiri ampe mfanya kazi nyumba ya kufaa, kazini au karibu na kazi, au kama hawezi, amlipe fedha za kutosha kupanga nyumba. Yaani sheria yakumbuka ule ujirani wa landi. Matajiri karibu wote wamechagua kulipa fedha, na fedha hizo zinatupeleka Kayole, Dandora, Rongai na Githurai, kwa maana karibu na kazi hazitoshi hata choo. Hapo ndipo nauli ilipozaliwa. Zamani tulipewa nyumba tukakosa haja ya basi. Sasa tunapewa posho ya nyumba ambayo ndani yake imo safari ya saa mbili, na hakuna anayeihesabu safari hiyo. Na kwa upande wa serikali, Katiba ya mwaka 2010 imeipa kaunti kazi ya usafiri wa barabara za kaunti na maegesho, na pia imesema wananchi washirikishwe. Nimefanya kazi miaka kumi na mitatu, steji ya gari letu imehamishwa mara tatu, na sijapata kuona mtu akija Kayole wala karakana kutuuliza. Tunajua steji imehama tunapoona makanga anafungua mlango mahali pageni.

Lakini tusijifanye watakatifu sisi watu wa reli. Reli nayo imesukuma stesheni nje. Tangu mwaka 2017 anayekwenda Mombasa kwa gari la moshi jipya hapandi tena katika stesheni ya zamani ya mjini, anapanda Syokimau, kwa hiyo amelipa nauli ya kufika kwenye nauli. Ni kweli kwamba kuna magari ya moshi ya kuunganisha, na stesheni ndogo ya Syokimau iliyofunguliwa mwaka 2012 imewasaidia watu wengi wa upande ule. Mimi ninayeyatunza mabehewa najua uzuri wake: hupandi na kushuka katikati ya magari, nauli haipandi kwa sababu mvua imenyesha, na stesheni ya reli haiwezi kuhamishwa usiku mmoja kwa kipande cha karatasi. Lakini magari ni machache, nyakati zake ni za wenye kazi za ofisi, na sisi wenyewe tunaotoka saa nne usiku hatuyapati. Fikirini, mtu anatengeneza breki za gari la moshi mchana kutwa, kisha usiku anakwenda kutafuta matatu.

Na usiku ndio unaonitisha zaidi. Mwaka juzi, zamu yangu ya jioni ilipokwisha, nilitembea kutoka kazini kwenda Muthurwa kwa kuwa gari halikuwa likiingia. Karibu na mzunguko wa barabara vijana watatu wakanizuia. Walichukua simu, walichukua viatu, hata mkate niliokuwa nao mkononi walichukua, jambo lililonishangaza kuliko yote. Nilifika nyumbani kwa soksi. Mke wangu hakunipa pole, aliketi tu akanitazama miguu. Tangu hapo zamu ya jioni ikifika mimi na wenzangu wawili hungojana, tunatembea watatu. Lakini yule mama wa dobi hana wa kungojana naye.

Najua upande wa pili wa shauri. Katikati ya mji kumesongamana, moshi ni mwingi, na matatu zingine zinasimama katikati ya barabara kama zimenunua lami. Gavana anayetaka kupanga mji hasemi uongo. Wala sitaki tuwalaumu madereva na makanga, kwa kuwa hao nao ni wafanya kazi, tena wengi wao hawana barua ya kazi wala likizo, na steji ikihamishwa wao ndio wanaopigwa rungu kwanza. Vivyo hivyo wachuuzi, wanaofuata miguu ya watu. Ninalolikataa ni kwamba dawa ya msongamano huo siku zote inanywewa na yule anayepanda gari, wala si na mwenye motokaa yake anayeingia mjini peke yake na kuegesha kutwa. Sijasikia amri ya kwamba wenye motokaa washukie Muthurwa.

Haya ndiyo ninayoyaomba chama kiyafanye. Kiandike kwa kaunti kikiomba kiti cha wafanya kazi mahali popote mashauri ya steji yanapoamuliwa, wala kisingoje kuitwa, maana hakitaitwa. Kiseme wazi kwamba steji yoyote isisogezwe mpaka pawepo gari la kuvusha watu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kwa nauli ile ile moja, hata usiku, na gari hilo lipite mbele ya stesheni ya reli ili anayeshuka kwenye gari la moshi naye aunganishe. Kiombe taa na paa na choo kisicho cha kulipa. Na katika mazungumzo yetu ya mshahara yajayo, posho ya safari isitajwe mwishoni kama chumvi. Itajwe pamoja na posho ya nyumba, kwa maana moja imemzaa mwenziwe. Vyama vingine, vya mahoteli, vya viwanda, vya hospitali, vina watu hawa hawa katika magari haya haya, na sioni kwa nini kila kimoja kiende peke yake.

Mashauri hayahitaji maneno matupu, yanahitaji hesabu. Kwa hiyo nawaomba kila mwanachama aandike katika karatasi, kwa wiki mbili tu: anakaa wapi, anashuka wapi, alikuwa akishuka wapi zamani, analipa nauli ngapi asubuhi na ngapi jioni, na anatembea dakika ngapi. Asiandike jina kama hataki. Asiyejua kuandika amwambie mwenzake. Sanduku limewekwa mlangoni mwa ofisi ya tawi, karani wetu amekubali kulifungua siku ya mkutano, nami nitakuwapo kusaidia kujumlisha. Karatasi ya kwanza iliyo ndani ni yangu, na ya pili ni ya yule mama wa dobi, ambaye si mwanachama wetu, lakini nimeitia.

Ni mimi ndugu yenu,
Fundi wa Mabehewa, Nairobi.